Jasusi Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani: Anza na Nywila, Fundi Baadaye

Kompyuta ya nyumbani haina mwenyewe. Baba anafungulia barua pepe za kazini, mama anapigia hesabu za duka, mtoto wa kidato cha tatu anatafutia mitihani ya miaka iliyopita na kupakua magemu, na mgeni aliyekuja kukaa wiki mbili amekwisha kuingia humo humo kwenye Facebook yake na kuondoka bila kutoka. Wote wanatumia akaunti moja, ile iliyofunguliwa siku mashine ilipoletwa, na nywila yake, kama ipo, ni jina la mtoto wa kwanza. Programu jasusi ikiingia humo haimwibii mtu mmoja. Inazoa nyumba nzima.

Miaka ya 2000 majasusi wa aina hii walitaka hasa kujua unatembelea tovuti zipi ili wakumwagie matangazo. Walikera, lakini hasara ilikuwa ndogo. Wa leo wanataka vitu vyenye bei: nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, namba za kadi ya benki, na akaunti zilizo wazi wakati huo. Mei 2025 Microsoft ilitangaza kwamba kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei ilikuwa imebaini kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa na programu moja tu ya namna hiyo, iitwayo Lumma. Programu za aina yake hazihitaji kukaa miezi zikikuchungulia. Huchota kilichopo na kukituma, na kazi yenyewe inaweza kuisha kabla chai yako haijapoa.

Ndiyo maana siafiki ushauri unaoanza na kusafisha. Kusafisha ni lazima, lakini kama nywila zimekwisha kuondoka, mashine safi haimzuii mwizi kufungua barua pepe yako huko huko aliko. Utaratibu unaofaa ni huu: kata intaneti, okoa akaunti kwa kutumia kifaa kingine, kisha ndipo ushughulike na mashine. Majina ya vitufe nimeyaacha yanavyoonekana kwenye kioo, maana mashine nyingi kwetu zimewekwa kwa Kiingereza.

Je, ni jasusi kweli?

Malalamiko mengi ya "kompyuta yangu ina virusi" si virusi hata kidogo. Mfano ulio wa kawaida kuliko yote ni kile kisanduku kinachochomoza kwenye kona ya chini kulia: kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza hapa haraka. Kisanduku hicho kwa kawaida kinatoka kwenye tovuti ambayo mtu wa nyumbani aliiruhusu kutuma arifa, pengine alipokuwa akitafuta filamu au matokeo ya mpira na kubonyeza "Allow" ili ukurasa ufunguke. Usikibonyeze. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa, ufute kila tovuti usiyoijua. Ni kazi ya dakika mbili na haina malipo ya fundi. Na kama dirisha limejaza kioo chote likikupa namba ya simu ya "Microsoft" upige, usipige. Tahadhari za kweli za Microsoft haziji na namba ya simu.

Polepole nayo peke yake si ushahidi. Laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka itajikokota tu ukiifungulia vichupo kumi na tano. Usimsingizie jasusi.

Dalili za kuzitilia maanani ni nyingine. Ukurasa wa kwanza wa kivinjari umebadilika, na kila unachotafuta kinapitia tovuti usiyoifahamu. Bando linakwisha usiku wakati hakuna aliyetazama kitu; hilo unaweza kulithibitisha katika Settings, sehemu ya Network & internet, palipoandikwa "Data usage", ambapo kila programu inaonyeshwa imekula kiasi gani. Ulinzi wa Windows umezimwa, ukiuwasha unajizima tena, au unakutana na maandishi kwamba mpangilio huo unasimamiwa na msimamizi wako, wakati msimamizi ni wewe. Mbaya kuliko zote ni zinazotoka nje ya mashine: Google inakuarifu kwamba kuna mtu ameingia kutoka mji usioujua, au binamu anakupigia kuuliza mbona unaomba pesa Messenger. Ukifikia hapo, usipoteze muda kutafuta uhakika zaidi. Fanya kama mtu aliyekwisha kuibiwa.

Saa ya kwanza

Zima Wi-Fi au hotspoti, chomoa modemu. Mashine ikiwa haina mtandao haiwezi kutuma kitu.

Sasa shika simu, au kompyuta ya mtu unayemwamini, na uanze na barua pepe. Watu hukimbilia benki kwanza, nami naelewa sababu, lakini anayeishika barua pepe yako anaweza kubonyeza "nimesahau nywila" kwenye karibu kila akaunti uliyo nayo na kiungo kikamfikia yeye. Weka nywila mpya, ndefu, isiyofanana na nyingine yoyote. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: fungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako na uvitoe vyote. Sababu yake ni hii. Ukiingia Gmail, tovuti huweka kwenye kivinjari kumbukumbu ndogo, kidakuzi, ili usiulizwe nywila kila mara. Kidakuzi hicho ni sawa na muhuri unaopigwa mkononi mlangoni mwa ukumbi wa dansi: aliye nao hasimamishwi tena. Jasusi wa kisasa huiba mihuri hiyo pamoja na nywila, na aliye na muhuri anaweza kupita bila kuulizwa nywila, hata ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu.

Ukiwa bado ndani ya barua pepe, angalia mahali pengine pawili. Pa kwanza ni mipangilio ya kusambaza barua na vichujio. Wezi hupenda kuacha agizo la siri kwamba barua zote kutoka benki zitumwe kwao na nakala yako ifutwe. Pa pili ni namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Kama si zako, zibadilishe sasa hivi. Ndipo uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Halafu WhatsApp. Kama kuna aliyewahi kuifungua kwenye hiyo kompyuta, mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu yake, palipoandikwa "Linked devices", na akiondoe kila kifaa. Hili linawahusu wote waliopita kwenye mashine, akiwemo yule mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Mpigie. Ni simu ya aibu kidogo, lakini aibu kubwa ni yeye kuja kujua baadaye kwamba ulijua ukanyamaza.

Kama kuna kadi ya benki iliyowahi kuandikwa kwenye kivinjari hicho, piga namba iliyoko nyuma ya kadi na uiombe benki iifunge. Namba hiyo usiitafute Google, kwa sababu matangazo ya namba bandia za huduma kwa wateja yamejaa huko.

Kusafisha mashine

Windows 10 na 11 zote zina mlinzi wake ndani, Microsoft Defender, na kwa nyumba ya kawaida anatosha. Sioni sababu ya familia kununua kinga nyingine, na kuweka kinga mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni kuzigombanisha.

Fungua Windows Security, uingie "Virus & threat protection". Kabla ya kukagua chochote, tafuta humo ndani sehemu iitwayo "Exclusions". Hii ni orodha ya mafaili na mafolda ambayo Defender ameagizwa asiyaguse. Kwenye kompyuta ya familia orodha hiyo kwa kawaida inatakiwa iwe tupu. Ukikuta folda imeandikwa hapo, au, Mungu aepushe, diski nzima ya C, umekwisha kujua kwa nini ukaguzi wa jana ulisema mambo yote ni shwari. Programu za kuamsha Windows bila leseni zina tabia ya kujiandikisha hapo, na jasusi aliyekuja nazo hukaa chini ya kivuli hicho hicho. Futa kila kilichomo.

Rudisha intaneti kwa muda mfupi ili Defender apate taarifa mpya, kisha ingia "Scan options" na uchague ukaguzi wa nje ya Windows, ulioandikwa "offline scan". Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu mashine itajizima na kuwaka upya. Ukaguzi wenyewe huchukua kama dakika 15, na ubora wake ni kwamba unafanyika kabla Windows haijaamka, hivyo jasusi anayejificha Windows ikiwa inafanya kazi hapati nafasi hiyo. Ukimaliza, fanya na ukaguzi kamili wa kawaida, ule mrefu, uache usiku. Ukitaka maoni ya pili, Malwarebytes ya bure inafaa, mradi uipakue kwenye tovuti ya wenyewe.

Baada ya hapo pitia kwa macho yako. Fungua orodha ya programu zilizowekwa na uipange kwa tarehe. Zile zilizoingia siku ambayo matatizo yalianza ndizo za kuhojiwa. Angalia "Startup apps", yaani zinazoamka pamoja na mashine. Fungua viendelezi vya kila kivinjari, si Chrome tu; Edge hata kama hamuitumii. Mkikuta AnyDesk au TeamViewer, jiulizeni nani aliiweka. Ni programu halali za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, na mara nyingi zimeachwa na fundi aliyewahi kusaidia, lakini mlango ulioachwa wazi kwa nia njema bado ni mlango wazi. Usianze kuzima ovyo kila usichokijua ndani ya Task Manager, hata hivyo. "Svchost" ni sehemu ya Windows yenyewe; kuziona kumi au arobaini ni jambo la kawaida, na wengi wameiangusha Windows kwa kuiwinda.

Lini upige Windows upya

Kama ukaguzi umekamata mwizi wa nywila, au Defender anakataa kuwaka, au dalili zimerudi baada ya kusafisha, usihangaike. Futa kila kitu uweke Windows upya. Binafsi ningefanya hivyo kwa kompyuta yoyote inayotumika kwa benki, hata kama ukaguzi unasema ni safi.

Hamisha kwanza picha, nyaraka na hesabu kwenye diski ya nje. Usihamishe programu wala mafaili ya kuziwekea. Kabla ya kunakili, fungua File Explorer, nenda "View", uwashe uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, maana faili lililokuwa likijiita "CV.pdf" linaweza kuonekana sasa kuwa ni "CV.pdf.exe". Hilo si CV.

Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni "Reset this PC" ndani ya mipangilio, ukichagua kuondoa vyote na kupakua Windows mpya kutoka kwa Microsoft. Upakuaji huo unaweza kuzidi GB 4, kwa hiyo nunua bando la kutosha au ufanyie penye Wi-Fi. Ya pili ni kutengeneza flashi ya kuwekea Windows kwa kifaa cha bure cha Microsoft, Media Creation Tool, kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Flashi iwe ya GB 8 au zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye laptop alijue. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo yaliyofuata kwa kawaida zina ufunguo wa leseni ndani ya mashine yenyewe, hata zile za mtumba zilizoshushwa Kariakoo au kuuzwa Luthuli, Nairobi. Ukiweka toleo lile lile lililokuja nayo, Home kwa Home au Pro kwa Pro, na ukaunganisha intaneti, kwa kawaida inajithibitisha yenyewe. Kwa hiyo laptop nyingi zilizopigwa Windows ya wizi na mafundi zilikuwa na Windows halali ya kwao tangu mwanzo. Mwenye mashine amelipia apate kitu kibaya kuliko alichokuwa nacho.

Walipoingilia

Kwetu mlango mkubwa ni programu za kuchakachua: Office ya bure, gemu lililovunjwa kufuli, kifaa cha kuamsha Windows. Maelekezo yake yanafanana. Sentensi ya kwanza inakuambia uzime kinga kabla ya kuendelea, nasi tunatii. Kwa nyumba isiyo na bajeti, LibreOffice ni ya bure kihalali, inafungua mafaili ya Word na Excel, na inatosha kabisa kwa barua, kazi za shule na hesabu za duka.

Kuna hila mpya zaidi ya kuwaonya vijana. Ukurasa unajifanya unahakiki kama wewe ni binadamu, kisha unakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifuata, umebandika na kuendesha kwa mkono wako amri ambayo ukurasa uliiweka kimya kimya kwenye ubao wa kunakilia. Hakuna tovuti halali inayohakiki mtu kwa namna hiyo. Waambieni watoto neno moja: tovuti ikikuagiza ubonyeze Windows na R, funga.

Na flashi. Umeipeleka stesheneri kuchapisha CV, umeirudisha nyumbani, ukaifungua, mafolda yote hayapo. Kuna alama moja tu yenye jina la flashi na mshale mdogo kwenye kona. Ukiibonyeza, nyaraka zako zinafunguka kama kawaida, nawe unashukuru Mungu kwamba hazikupotea, kumbe kubonyeza kule ndiko kulikomwingiza jasusi. Flashi ikitoka nje, kabla ya kuifungua bonyeza kwa kitufe cha kulia uchague ikaguliwe na Defender. Nyaraka zako zimefichwa tu, hazijafutwa: washa "Hidden items" kwenye View, na zisipoonekana, ondoa tiki inayoficha mafaili ya mfumo kwenye Options. Zihamishe, kisha ifomati flashi. Kwa kazi ndogo, heri kumtumia mwenye stesheneri PDF kwa WhatsApp.

Kilichobaki ni akaunti. Tengeneza moja ya msimamizi yenye nywila wanayoijua wazazi tu, na kila mtu, pamoja na wazazi wenyewe, apewe akaunti ya kawaida ya matumizi ya kila siku. Kwa akaunti ya kawaida, programu nyingi zinazotaka kugusa mfumo zitaomba nywila ya msimamizi kwanza, na mtoto atalazimika kuja kuuliza. Haimzuii kila jasusi, maana wapo wanaofanya kazi bila ruhusa hiyo, lakini akaunti ya mtoto ikichotwa, nywila za mama hazimo. Na usisahau kwamba msaada wa Windows 10 ulikoma rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inaweza kupanda Windows 11, ipandishe.

Jasusi wa ndani ya nyumba

Kuna majasusi ambao hawakutoka kwenye intaneti. Mume kamwekea mke, au mke kamwekea mume, programu ya kunasa kila herufi. Kwenye kompyuta za mezani kuna hata kidubwasha kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na mashine. Chungulia nyuma ya kasha. Kuingia kwenye mawasiliano ya mtu bila ruhusa ni kosa Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya chini ya sheria yake ya 2018, na ndoa haikupi ruhusa hiyo.

Kama unashuku umewekewa na mtu unayemwogopa, usifuate mwongozo huu hatua kwa hatua. Kuiondoa ni kumjulisha kwamba umejua. Tumia simu au kompyuta asiyoifikia kutafuta msaada, piga picha ya ushahidi kwa kifaa hicho, na uamue la kufanya ukiwa mahali salama. Wazazi wanaotaka kuangalia watoto wana Family Safety ya Microsoft. Iwekeni wazi, mtoto akijua.

Ukishindwa kusafisha mashine mwenyewe, mpelekee fundi. Lakini kwanza akaunti ziwe zimeokolewa, na picha zako zimehamishwa. Muulize Windows anayoweka ameitoa wapi, na kaa hapo anapofanya kazi. Akikuambia azime Defender kidogo ili programu yake ikubali kuingia, mshukuru, funga laptop yako, uondoke.